Mashua Iliyotembea Nchi Kavu

Mtu anayetaka kununua mashua ndogo ya tanga, naye haishi kando ya maji, hana budi kujiuliza maswali ambayo mvuvi wa Lamu au wa Kigoma hayamjii kabisa. Je, chombo hiki kina uzito gani? Upana wake utapita njiani? Mkuku wake wapandishwa, au umeshuka chini mno hata hauwezi kulala juu ya tela? Mlingoti washushwa na mtu mmoja au wataka watu wanne? Mtu huyo hachagui chombo cha majini peke yake. Achagua chombo cha majini na cha barabarani pamoja. Na kila sifa anayoiongeza upande mmoja huipunguza upande wa pili. Mashua nzito hustahimili mawimbi lakini humchosha anayeikokota. Mashua nyepesi hupendeza njiani, lakini tufani ikivuma mwenyewe hutamani ingalikuwa nzito zaidi.

Wengi hudhani maswali hayo yalizaliwa pamoja na magari. Sivyo hata kidogo. Katika nchi zetu hizi za maziwa makuu yaliulizwa tangu katikati ya karne ya 19, tena kwa ukali zaidi, kwani tela ya wakati ule haikuwa na magurudumu. Tela ya wakati ule ilikuwa ni mabega ya watu.

Katika makala haya tumekusudia kueleza habari za mashua chache zilizochukuliwa kwa vipande kutoka pwani mpaka bara, na hasa moja iliyopata sifa kupita zote. Tumeona habari hizi zawafaa walimu na wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, lugha yetu ndiyo iliyosafiri pamoja na mashua hizo. Amri za mabaharia, nyimbo za wapagazi na mazungumzo ya barazani kwa wafalme yalikuwa kwa Kiswahili. Pili, vitabu vimehifadhi vizuri jina la chombo na jina la mwenye chombo, lakini majina ya waliokichukua yamebaki pembeni. Mwalimu anayefundisha historia kwa lugha ya wachukuzi hao ana deni la kuyarudisha mahali pake.

Ziwa bila chombo

Tuanze na wale waliofika ziwani mikono mitupu. Richard Burton na John Hanning Speke walipoondoka Unguja mwezi wa Juni 1857, walikwisha kuwa na mashua ya chuma iliyoundwa kwa vipande, iitwayo Louisa. Wapagazi hawakutosha, na ikawalazimu kuiacha. Neno hili dogo, kuacha mashua, liliwafuata safari nzima.

Tarehe 13 Februari 1858 waliliona Ziwa Tanganyika. Walifika Ujiji wakiwa wagonjwa, Burton hawezi kutembea na Speke haoni vizuri. Mbele yao pana maji yasiyo na mwisho, nao hawana chombo. Mwezi wa Machi Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi ili kumwomba mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Hamed bin Suleiman, aliyekaa kisiwani Kasenge ng'ambo ya pili, awakodishe jahazi yake. Alirudi bila jahazi. Ndipo wote wawili wakaenda kaskazini kwa mitumbwi mpaka Uvira, mwezi wa Aprili, ili wajue kama mto Ruzizi watoka ziwani au waingia. Wenyeji waliwaambia kwamba waingia. Lakini wapiga makasia hawakukubali kwenda mbele, na wageni wale walirudi bila kuuona mlango wa mto kwa macho yao. Wakati ule jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko tunavyoweza kudhani, maana wataalamu wa Ulaya walikuwa wakigombana juu ya chanzo cha mto Nili, na kama Ruzizi ungalitoka ziwani, basi huenda chanzo hicho kingalikuwa Tanganyika. Iliwabidi wangoje mpaka mwisho wa mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi na kuona kwamba maneno ya wenyeji yalikuwa kweli tangu mwanzo.

Speke naye alikwenda peke yake kaskazini, akaliona ziwa kubwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Alisema kwamba hilo ndilo chanzo cha Nili. Alikuwa amesema kweli, lakini ushahidi wake ulikuwa wa mtu aliyesimama juu ya kilima akatazama maji. Wapinzani wake walisema huenda hayo si ziwa moja bali ni maziwa mengi yaliyopakana. Hata alipofika mahali mto unapotoka ziwani, mwezi wa Julai 1862, bado hakuwa amelizunguka ziwa. Ubishi huo ulidumu miaka kumi na saba tangu siku ile ya Mwanza. Kilichoukata si hoja wala hotuba. Ni mbao za mwerezi.

Jinsi mashua ilivyochaguliwa

Mwaka 1874 Henry Morton Stanley alipopewa gharama za safari na magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani, alikuwa amejifunza kutokana na makosa ya waliomtangulia. Alimwendea fundi wa mashua wa Teddington, kando ya mto Thames, jina lake James Messenger, akamweleza chombo anachokitaka. Kiwe na urefu wa futi 40, upana wa futi 6, na kina cha inchi 30. Mbao ziwe za mwerezi, nyembamba. Kisha kigawanyike vipande vitano, kila kimoja futi 8, viwezavyo kufunguliwa na kuungwa tena bila kuvuja. Akakipa jina la Lady Alice, kwa heshima ya mchumba wake Alice Pike wa Marekani. (Bibi huyo hakungoja, aliolewa na mtu mwingine mwanzoni mwa mwaka 1876, mashua yenye jina lake ikiwa bado inachukuliwa mabegani huku bara.)

Tuutazame uchaguzi huo kwa jicho la fundi. Mwerezi ulichaguliwa kwa sababu ni mwepesi na hauozi upesi. Lakini mbao nyembamba zikikaa juani miezi mitatu hukauka na kupasuka, na viungo hulegea. Kugawanya mashua kwarahisisha kuichukua, lakini kila mahali inapogawanywa ni mlango mpya wa maji. Mabaharia wetu wa pwani, waliozoea kukalafati kwa pamba na mafuta na kupaka sifa na deheni, walijua vizuri kwamba chombo ni kitu kimoja; mkuku wake ni uti wa mgongo, na mataruma ni mbavu. Kuukata uti wa mgongo mara nne na kutumaini kwamba utaungana tena si jambo la mzaha.

Na hesabu ya uzito ilikosewa. Mashua ilipopimwa Unguja, vipande vilionekana kuzidi mno uzito uliotakiwa. Kila kimoja kilipita ratili 250. Mpagazi wa safari za bara alizoea mzigo wa ratili 60 mpaka 70. Tena vipande vilikuwa vipana, na njia za bara zilikuwa vijia vya mtu mmoja nyuma ya mwenziwe, zikipita katikati ya miiba na mabua ya mtama. Ilibidi fundi seremala avigawe tena kabla ya kuondoka, hata vikaweza kupita. Hapa ndipo tunapoona tofauti baina ya mashua iliyochaguliwa mezani na mashua iliyojaribiwa begani. Fundi wa Teddington alipima kwa futi. Mchukuzi wa Bagamoyo alipima kwa shingo yake.

Kutoka Bagamoyo mpaka ziwani

Safari iliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Waliokuwamo wengi wao walikuwa watu wa Unguja na mrima, na Wanyamwezi, ambao kazi ya upagazi kwao ilikuwa ufundi wenye heshima na desturi zake. Vipande vya mashua vilifungwa kwenye mipiko, na kila kipande kikachukuliwa na watu kadhaa kwa hatua moja. Atakayetaka kujua ugumu wa kazi hiyo na ajaribu kwenda na mwenziwe, mpiko mmoja mabegani, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wakishuka korongo. Mzigo wa kichwani ni wa mtu mmoja na mwili wake. Mzigo wa mpiko ni wa watu wawili au wanne, na mmoja akijikwaa wote huumia. Kwa hiyo wachukuzi wa mashua waliteuliwa miongoni mwa wenye nguvu, na ujira wao ulizidi wa wenzao.

Mvua za Ugogo ziliwakuta, njaa ikawauma, homa na kuhara kukawaua wengi. Edward Pocock, kijana Mwingereza mzaliwa wa Kent aliyeletwa kwa ajili ya ujuzi wake wa mashua, alikufa mwezi wa Januari 1875 hata kabla chombo hakijaguswa na maji ya ziwa. Palikuwa na vita njiani. Wako waliotoroka, wala hatuwalaumu. Stanley alikuwa mtu wa mjeledi na pingu, na mkataba wa upagazi haukuandikwa kwa ajili ya kufa.

Tarehe 27 Februari 1875 walifika Kageyi, kijiji cha pwani ya kusini ya ziwa, si mbali na Mwanza. Walikuwa wametembea maili 720 kwa siku 103. Vipande vikafunguliwa mipikoni, vikaungwa, tanga likapandishwa. Mashua iliyotembea nchi kavu sasa ikaelea.

Siku hamsini na zaidi majini

Tarehe 8 Machi Stanley alitweka tanga pamoja na mabaharia kumi na moja. Baadhi ya majina yao tunayajua: Wadi Safeni, nahodha, Uledi, aliyekuja kuwa mshika usukani hodari kuliko wote, Saramba, kiongozi wa njia. Walizunguka ziwa kwa kufuata pwani ya mashariki, wakapita visiwa na ghuba, na mwanzo wa mwezi wa Aprili wakapokewa na Kabaka Mutesa wa Buganda.

Walimu wenzetu wa Uganda wana haki ya kuikumbuka siku hiyo kwa namna ya pekee. Mfalme na mgeni walizungumza kwa Kiswahili. Mutesa alikuwa amejifunza lugha hiyo kwa wafanyabiashara wa pwani, pamoja na kusoma herufi za Kiarabu. Baadaye katika mwaka huo huo alibaki kwake kijana mmoja, Dallington Muftaa, aliyesomeshwa katika shule ya misheni ya Unguja, awe mwandishi na mfasiri wa mfalme. Basi wanaodai kwamba Kiswahili kiliingia Buganda pamoja na askari wa kikoloni na wautafakari mwaka huo wa 1875. Lugha ilifika kwa biashara, ikakaa barazani, ikaandika barua, kabla bendera yoyote ya Ulaya haijapandishwa.

Wakati wa kurudi, kwa upande wa magharibi, ilitokea habari ya kisiwa cha Bumbire, na hapa wepesi wa mashua ulionyesha sura yake ya pili. Tarehe 28 Aprili 1875 mabaharia, wakiwa na njaa kali, walikaribia pwani ili kununua chakula. Watu wa kisiwa waliikamata mashua, wakaiburura pwani pamoja na wote waliokuwamo, wakachukua makasia. Chombo kilichochaguliwa kwa sababu chachukulika kwa mikono, kilichukuliwa kwa mikono. Mabaharia walipoona kwamba watauawa, waliisukuma kwa nguvu zao zote mpaka majini. Na kwa kuwa makasia hayapo, waling'oa mbao za sakafu wakapigia kasia. Stanley akafyatua bunduki, na watu wa kisiwa wakafa. Mashua ilirudi Kageyi tarehe 6 Mei.

Hatuwezi kulimaliza jambo hili hapo. Miezi michache baadaye Stanley alirudi Bumbire na kundi kubwa la mitumbwi, akasimama mbali na pwani, akawapiga risasi watu wa kisiwa kwa kisasi. Alijisifu kwa habari hiyo magazetini, na hata huko Uingereza wako waliomlaani. Mwalimu anayesimulia sifa za Lady Alice na kuiacha Bumbire hafundishi historia, afundisha tangazo.

Hata hivyo swali la Speke lilijibiwa. Ziwa ni moja. Maili zipatazo 1,000 za pwani yake zilikwisha kuchorwa, na zilichorwa kutoka ndani ya chombo kilichoweza kukaa baharini na begani.

Tanganyika na Kongo

Mashua ikafunguliwa tena, ikachukuliwa mpaka Ujiji. Baina ya Juni na Julai 1876 ililizunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51. Ikavushwa, ikachukuliwa Manyema mpaka Nyangwe, na huko Manyema Stanley alipatana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, amsindikize. Bwana huyo ameacha maisha yake yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili, na ndani yake habari za kukutana na Stanley zimo, zikitazamwa kwa jicho la pili. Twawahimiza walimu wasome pande zote mbili, kwani hawakukubaliana juu ya ahadi na malipo.

Walipoingia msituni mwezi wa Novemba 1876 ndipo wachukuzi wa mashua walipoteswa kupita kiasi. Katika mbuga, kipande cha mashua ni mzigo. Katika msitu mnene, ni ukuta unaosukumwa katikati ya miti. Wenzao walifika kambini mchana. Wao walifika wamechelewa mno, wamechubuka, hawana nguvu ya kula. Malalamiko yao yalikuwa sababu mojawapo iliyomfanya Stanley aache njia ya nchi kavu na kuufuata mto. Tarehe 19 Novemba Lady Alice ilishushwa katika Lualaba, mto ambao haikujulikana bado kwa wageni kama waenda Nili, Niger au Kongo. Hapo tena twaona: waliogeuza safari hiyo kuu si wachoraji wa ramani, ni mabega yaliyokataa.

Habari za maporomoko ya Kongo ni ndefu. Watu walizama, miongoni mwao Frank Pocock, ndugu wa yule aliyekufa mwanzo, tarehe 3 Juni 1877. Uledi alijitupa majini mara nyingi kuwaokoa wenzake. Mwisho, tarehe 31 Julai 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, Stanley aliambiwa kwamba bahari ya magharibi i karibu na njia ya miguu yafaa. Mashua iliyochukuliwa toka Bahari ya Hindi iliwekwa juu ya mwamba, ikaachwa hapo ikauke na kuoza. Hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kuibeba tena, wala mwenye nia.

Siku nne baadaye Stanley aliandika barua ya kuomba chakula kwa wazungu wa Boma. Aliwaambia kwamba amefika na watu 115, wanaume, wanawake na watoto, na kwamba njaa inawaua. Barua hiyo ilichukuliwa na watu wa safari yenyewe, Uledi na Kacheche na Robert Feruzi wakiwamo. Chakula kikaja, tarehe 9 Agosti wakaingia Boma. Wadi Safeni, nahodha wa Ziwa Nyanza, hakuwa pamoja nao. Akili yake ilikuwa imemtoka kwa furaha na mateso walipokaribia mwisho, akaingia porini, asionekane tena.

Kutoka mpiko mpaka gurudumu

Baada ya Lady Alice wengine walijaribu, na kila jaribio lilikuwa jibu jipya kwa swali lile lile. Mwezi wa Novemba 1875 barua ya Stanley kutoka kwa Mutesa ilitangazwa London, na Church Missionary Society ikatuma watu wake pamoja na mashua ya vipande iliyoitwa Daisy. Iliungwa kusini mwa ziwa, na mwezi wa Juni 1877 iliwafikisha wamisionari wa kwanza Buganda.

London Missionary Society walitaka kuacha mipiko. Mwaka 1876 Roger Price alijaribu magari ya ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, akafaulu. Lakini msafara uliofuata ulipoteza ng'ombe wake kwa ugonjwa, kwani njia hiyo ilipita katika makao ya ndorobo. Ndipo nahodha Edward Hore, katika miaka ya 1882 na 1883, alipoichukua mashua ya tanga ya chuma cha pua, Morning Star, kwa vipande juu ya mikokoteni iliyovutwa na watu kutoka pwani mpaka Ujiji. Tulitazame neno lenyewe: mkokoteni latokana na kukokota. Kilichobadilika ni kwamba uzito uliteremka kutoka begani ukakaa juu ya gurudumu. Aliyevuta alikuwa yule yule.

Stanley mwenyewe alijifunza. Alipokuja mara nyingine mwaka 1887, kumtafuta Emin Pasha, alileta mashua ya chuma cha pua iitwayo Advance, urefu futi 28, iliyogawanyika vipande 12, kila kimoja ratili 75 hivi. Msomaji na alinganishe. Lady Alice ilianza na vipande vitano vya zaidi ya ratili 250. Advance ilikuwa fupi, na kila kipande kilikaribia mzigo wa mtu mmoja. Miaka kumi na mitatu na makaburi mengi yalihitajika ili mchoraji wa mashua aanze kazi yake kwa kumpima mchukuzi.

Na mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walizileta Mimi na Toutou, mashua mbili za injini, kila moja futi 40, urefu ule ule wa Lady Alice. Zilipandishwa treni kutoka Cape Town, kisha zikawekwa juu ya matela na kukokotwa na mashine za mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba katika Kongo, kwa njia na madaraja yaliyotengenezwa na vibarua wa nchi hiyo. Mwezi wa Desemba zilipigana na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Hizo hazikugawanywa vipande. Gurudumu lilikuwa limeshinda, lakini aliyelilainishia njia bado alikuwa mtu mwenye jembe.

Swali lililosahauliwa

Liko jambo moja ambalo wachaguzi hao wote hawakulifikiri vya kutosha. Je, ilikuwa lazima kuichukua mashua? Waganda na watu wa visiwa vya Sese walikuwa na mitumbwi mikubwa ya mbao zilizoshonwa, iliyochukua makumi ya watu. Watu wa pwani ya Tanganyika walichonga mitumbwi mirefu kwa miti ya ng'ambo. Na huko Ukerewe, katika miaka hiyo hiyo ya 1870, mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Songoro alikuwa akiunda jahazi kwa miti ya huko huko. Alikuja na ujuzi kichwani, na shoka na keekee mfukoni. Mbao zilikuwa zikimngoja. Hatusemi kwamba njia yake ilikuwa salama: jahazi hiyo ilizusha ugomvi na Lukonge, mtawala wa Ukerewe, na mwezi wa Desemba 1877 Songoro aliuawa pamoja na wamisionari wawili, Smith na O'Neill. Lakini ugomvi ule ulikuwa wa watu na mali, si wa mbao. Kwa upande wa ufundi, Songoro alikuwa amepata jibu ambalo London haikulipata: mashua nyepesi kuliko zote njiani ni ile inayochukuliwa kichwani kama elimu, si kama mzigo.

Katika lugha yetu twasema kuunda chombo, wala hatusemi kukijenga; na mwenye kuunda haitwi mwenye mbao, aitwa fundi. Twapendekeza walimu walioko karibu na maziwa wawatume wanafunzi wao kwa wazee wavuvi na mafundi, wakusanye majina ya sehemu za vyombo: mkuku, taruma, omo, tezi, foromali, demani, ngama, na mengine ya Kiganda, Kijita, Kiha au Kibembe yaliyoingia katika Kiswahili cha huko. Mengi yamo hatarini kupotea pamoja na tanga lenyewe. Na wanapoandika maneno hayo, waandike pia majina ya watu waliowafundisha.

Wahenga wamesema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumekwenda omo, tukatazama waliosimama mbele na darubini. Tumekwenda tezi, tukamwona Uledi ameshika usukani. Yafaa sasa turejee ngamani, mahali pa mzigo, tuwakumbuke ambao hawakupanda kabisa: wale waliokuwa chini ya mashua ilipokuwa ikitembea nchi kavu.